Amri Kutoka Ubongoni: Historia ya Kupooza na Dalili Zake

Leo tutazungumza juu ya jambo unalolifanya kutwa nzima bila kulifikiria, nalo ni kusogeza viungo vyako kwa hiari yako. Unapokuna nazi, unapofunga leso, unaporuka ndani ya matatu pale Ukunda au unapovuta wavu kule Gazi, mkono na mguu vinakutii. Hujui hata vinakutii vipi. Unataka, na mara jambo limefanyika.

Mpaka siku moja mkono unakataa kutii. Mtu ameamka asubuhi, mguu hauinuki. Mtoto aliyekuwa akikimbia juzi, leo hawezi kusimama. Mara nyingi maneno ya kwanza kusikika nyumbani ni haya: "Amepigwa na jini." "Ametupiwa kitu." "Amepitiwa na upepo mbaya." Basi siku zinapita, pesa zinatumika, na mgonjwa amefichwa chumbani. Anapofikishwa hospitali, nafasi ya kumwokoa imekwisha kupungua au imepotea.

Leo tutatazama njia ambayo amri hupitia kutoka ubongoni hadi kwenye misuli, jinsi wanadamu walivyoigundua njia hiyo, na magonjwa yaliyowapata majirani zetu wa Afrika Mashariki, na sisi wenyewe hapa Kwale, yakatufundisha mahali njia hiyo inapoweza kukatika. Jambo moja ningependa ulikumbuke: kila ugonjwa hukata njia mahali pake, na dalili za mgonjwa ndizo zinazoonyesha mahali hapo.

NJIA YA AMRI

Kwanza tuelewane maneno. Tunaposema mishipa ya fahamu, au neva, hatusemi mishipa ya damu. Wala hatusemi ule "mshipa" ambao watu wa Pwani hutaja mtu anapovimba kinena au pumbu. Neva ni nyuzi nyembamba zinazopeleka habari mwilini.

Juu ya ubongo pana ukanda unaopita kutoka upande wa sikio moja hadi upande wa sikio la pili. Hapo ndipo amri ya kusogea inapotoka. Kila sehemu ya mwili ina mahali pake katika ukanda huo, na vidole vya mkono na mdomo vina nafasi kubwa kuliko mgongo mzima, kwa sababu vina kazi nyingi za ustadi.

Sasa fikiria mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni chembe ya neva iliyoko ubongoni. Uzi wake mrefu hushuka, na unapofika chini ya ubongo, karibu na shingo, huvuka kwenda upande wa pili wa mwili. Kisha huendelea kushuka ndani ya uti wa mgongo. Humo ndani humkabidhi kijiti mkimbiaji wa pili. Uzi wa mkimbiaji wa pili hutoka nje ya uti wa mgongo, hupita mkononi au mguuni, na kufika kwenye msuli. Msuli hujikunja, na kiungo husogea. Wakati huohuo neva nyingine hurudisha habari za moto, baridi, maumivu na mguso, na ubongo mdogo ulioko kisogoni husawazisha mwendo ili usiyumbe.

Shika sana jambo hili, maana litatufaa mbele. Mkimbiaji wa kwanza akianguka, misuli hudhoofika lakini baada ya muda hukakamaa, kwa sababu mkimbiaji wa pili amebaki bila msimamizi na huivuta misuli ovyo. Mkimbiaji wa pili akianguka, msuli hulegea kama kamba iliyokatwa, kisha hukonda. Ugumu na ulegevu ni dalili mbili tofauti, na zinatoka mahali pawili tofauti.

WALIOIGUNDUA NJIA HII

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja, na mwanzo wake uko hapahapa Afrika. Kuna maandishi ya Misri ya kale, yaliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, yanayoeleza majeruhi 48 mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao amevunjika shingo, na mwandishi anaeleza kwamba mtu huyo hana habari na mikono yake wala miguu yake. Mganga huyo wa kale alikwisha kuona kwamba jeraha la shingo hunyamazisha miguu. Aliona pia kwamba hakuwa na dawa ya kumpa.

Katika karne ya 2, tabibu Galen, aliyewahi kuwatibu watu waliopigana kwa mapanga katika viwanja vya Warumi, alikata neva ndogo shingoni mwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele. Nguruwe aliendelea kufurukuta lakini sauti ilikatika. Watazamaji waliona kwa macho yao kwamba uzi mwembamba ndio unaoamuru sauti. Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliendeleza elimu hiyo katika kitabu chake cha Kanuni, kilichosomwa na waganga wa Mashariki na wa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Lakini ni kitu gani kinachopita ndani ya uzi huo? Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha habari za majaribio yake: mguu wa chura aliyekufa uliruka neva yake ilipoguswa na umeme. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa amri katika neva ya chura, akakuta ni kama mita 27 kwa sekunde. Ndani ya mwili wako, neva zenye kasi hupita mita 50 kwa sekunde. Mwaka 1870 madaktari wawili wa Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, waligusa kwa umeme mdogo upande mmoja wa ubongo wa mbwa, na mguu wa upande wa pili ukasogea. Na mwaka 1896 Joseph Babinski wa Paris alieleza kipimo kisichohitaji mashine yoyote: daktari anakwaruza wayo wa mgonjwa, na kidole gumba kikiinuka juu badala ya kukunjika chini, kuna hitilafu kwa mkimbiaji wa kwanza. Kwa hiyo ukiona daktari anamkwaruza nyayo jamaa yako, usidhani anacheza. Anatafuta mahali njia ilipokatika. Kwa mtoto mchanga tu, kidole kuinuka ni jambo la kawaida.

NJIA IKIKATIKA UBONGONI: KIHARUSI

Kiharusi hutokea damu inapozibwa isifike sehemu ya ubongo, au mshipa wa damu unapopasuka ndani ya kichwa. Kwa kuwa nyuzi za amri huvuka, kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hupoozesha mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi huondoa maneno pia. Ndiyo sababu mtu hupooza nusu ya mwili kwa urefu wake. Anayesema ni jini hushangazwa na nusu hiyo, lakini aliyejua habari za kuvuka kwa nyuzi haimshangazi hata kidogo.

Dalili zake ni za ghafla: mdomo unapinda upande mmoja, mkono unaanguka mtu anapoambiwa ainue yote miwili, na maneno yanakokotwa au yanapotea. Kama mshipa umezibwa na damu iliyoganda, kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya kichwa kupigwa. Kwa mtu wa Lunga Lunga au Kinango, saa nne na nusu si nyingi. Saa moja ikiliwa na mabishano ya nyumbani, nyingine ikiliwa na kutafuta gari, nafasi imekwenda. Angalia saa dalili zinapoanza, uiandike, kisha ondoka.

Shinikizo la damu na kisukari ndio wapishi wakubwa wa kiharusi. Na hapa Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu upo katika familia nyingi, hata mtoto anaweza kupata kiharusi. Mtoto mwenye selimundu akilegea upande mmoja, usingoje kesho.

NJIA IKIKATIKA MGONGONI

Kwetu watu huanguka kutoka mnazini, huanguka kutoka mwembeni, na siku hizi huanguka kutoka kwenye bodaboda. Mifupa ya uti wa mgongo ikivunjika, nyuzi zilizo ndani yake zinaweza kukatika. Akiumia kiunoni, miguu hupooza. Akiumia shingoni, hupooza mikono na miguu, na pengine hata pumzi. Mkojo na haja kubwa hukosa mwenyewe wa kuvizuia.

Kwa maelfu ya miaka hali ilibaki ileile aliyoiona mganga wa Misri. Hata katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wengi walioumia uti wa mgongo walikufa kwa vidonda vya kulalia na uambukizo wa mkojo. Mabadiliko yalikuja mwaka 1944, pale Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alipofungua wodi maalumu katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha nyuzi. Alichofanya ni kuamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkojo utunzwe kwa usafi, na wagonjwa wafanye mazoezi. Wakaishi. Mwaka 1948 aliwaandalia mashindano ya kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na hapo ndipo ilipoota mizizi michezo ya dunia ya walemavu.

Kutoka kwake tuchukue mafunzo mawili. Kwanza, aliyeanguka kutoka juu asikunjwe wala asiwekwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Kama hakuna hatari nyingine mahali alipo, asisogezwe mpaka wapatikane watu wa kutosha. Ainuliwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, alazwe juu ya ubao au mlango. Pili, aliyepooza akirudi nyumbani, kumgeuza kila saa mbili ni dawa kamili.

KONZO: MUHOGO NA MIGUU ILIYOFUNGWA

Sasa tuje kwenye historia ya majirani. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu katika eneo la Kwango, Kongo. Watu wazima kwa watoto walikuwa wakiamka na miguu iliyokakamaa, magoti yakigusana, wakitembea kwa ncha za vidole. Wayaka wa huko waliuita konzo, jina lenye maana ya miguu iliyofungwa.

Mwaka 1981 ugonjwa kama huo ulizuka katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na kuwapata zaidi ya watu 1,000. Miongoni mwa waliouchunguza alikuwamo Hans Rosling, daktari kijana kutoka Uswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, mkoa wa Mara, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Wakuria wa Kenya. Na miaka ya mwanzo ya 2000 ulirudi kusini mwa Tanzania, Mtwara na Mbinga. Waliougua zaidi walikuwa watoto, na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Ni nini kilichowaunganisha watu hawa wasiojuana? Ni muhogo mchungu ulioliwa kabla ya kuondolewa sumu, tena bila kitoweo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukilowekwa siku tatu na kuanikwa vizuri, sumu hutoka. Wazee walilijua hilo tangu zamani. Lakini ukame unapokausha mashamba, au vita inapofukuza watu, njaa haisubiri siku tatu. Mwili nao huhitaji protini, kama ya samaki, nyama, mayai na kunde, ili uivunje sumu iliyobaki. Penye muhogo mtupu asubuhi na jioni, kinga hiyo haipo.

Kule Bandundu, Kongo, si njaa peke yake iliyoleta maafa. Barabara ya lami ilipofika katika miaka ya 1970, wafanyabiashara wa Kinshasa walifuata muhogo kwa malori. Ili wauze haraka, wakulima walipunguza siku za kuloweka. Haraka ya soko ikawafunga watoto miguu. Jambo hili tulitafakari sisi tulio kando ya barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga na Tanga.

Konzo humwangusha mkimbiaji wa kwanza. Ndiyo maana miguu hukakamaa badala ya kulegea. Hisia za ngozi hubaki, akili hubaki, na ugonjwa hauendelei kupanda siku hadi siku. Lakini haurudi nyuma pia. Hauna tiba ya kuuondoa. Una kinga tu.

Usiogope sahani yako. Muhogo mtamu uliomenywa na kuchemshwa vizuri, ukatiwa tui la nazi, na ukaliwa kwa samaki, si adui. Wa kuangaliwa ni muhogo mchungu na unga wake, hasa mwaka wa ukame. Mtwara na Mbinga akina mama walifundishwa njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga hutiwa katika beseni na alama huwekwa usawa wake. Hutiwa maji huku ukikorogwa mpaka unga uliolowana ufikie tena alama ile. Kisha hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, usizidi unene wa sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu hupikwa siku hiyohiyo. Sumu nyingi huruka na hewa.

POLIO: MIGUU ILIYOLEGEA

Polio ni kinyume cha konzo. Kirusi chake, kilichotambuliwa Vienna mwaka 1908, huingia kwa mdomo kupitia maji au chakula chenye uchafu wa choo. Wengi wanaoambukizwa hawapati hata homa. Lakini kwa wachache, kirusi hufika ndani ya uti wa mgongo na kumwangusha mkimbiaji wa pili. Mtoto hupata homa, kisha ndani ya siku chache mguu mmoja au yote hulegea. Ukimfinya anasikia na kulia, lakini kusogeza hawezi. Miezi ikipita mguu hukonda na kubaki mfupi.

Wengi wetu tunawajua watu wazima waliopatwa wakiwa wadogo. Kule Mombasa, Shirika la Walemavu wa Viungo la Kenya, APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, limewatengenezea watu magongo, viatu maalumu na viti vya magurudumu. Karakana yake ya Bombolulu, iliyoanza mwaka 1969, imewapa ufundi na riziki watu wenye ulemavu, wakiwemo waliougua polio utotoni.

Chanjo ya sindano ya Jonas Salk ilitangazwa mwaka 1955, na ile ya matone ya Albert Sabin ikafuata. Kenya ilikuwa imekaa tangu mwaka 1984 bila kirusi cha asili, kisha mwaka 2006 kikarudi kupitia eneo la Dadaab, Garissa. Mwaka 2013 watoto na watu wazima 14 walipatwa. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru kutokana na polio ya asili. Lakini kuna aina nyingine inayotokana na kirusi cha chanjo kilichobadilika katika jamii zenye watoto wengi wasiochanjwa, na Garissa ilikipata mwaka 2023. Kwa hiyo matone bado yana kazi: mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano yake.

Na wewe una kazi pia. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu, mjulishe mhudumu wa afya wa kijijini siku hiyohiyo, hata kama unadhani ameanguka tu. Sampuli mbili za choo huchukuliwa ndani ya siku 14. Kwa njia hiyo kirusi hugunduliwa kabla hakijafika kwa mtoto wa jirani.

UKOMA: SOMO LA MSAMBWENI

Ugonjwa wa tatu unatuhusu kwa karibu. Kwa miaka mingi Msambweni ilijulikana kwa kambi ya wagonjwa wa ukoma ya Tumbe. Kambi za namna hiyo zilikuwako pia Alupe, Busia, na Buluba, Uganda. Watu waliishi humo mbali na jamaa zao, na jina la ugonjwa likawa matusi ya mtaani.

Zamani iliaminika kwamba ukoma hula vidole. Haivili vidole. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norway, aliona vijidudu vyake kwa hadubini. Kuanzia mwaka 1947 Paul Brand, daktari wa upasuaji huko Vellore, India, alionyesha namna ulemavu unavyokuja: vijidudu huharibu neva za mikononi, miguuni na usoni. Mtu asiyesikia maumivu hushika sufuria ya moto, hukanyaga mwiba na kuendelea kutembea nao. Vidonda visivyouma haviangaliwi, na vidonda visivyoangaliwa ndivyo vinavyomaliza vidole. Brand alihamisha kano kutoka msuli mzima hadi kwenye kidole kilichopooza, na mikono iliyokuwa kama makucha ikafunguka.

Hapa njia hukatika nje kabisa, katika neva za pembeni, na kwa sababu neva hizo hubeba amri na hisia pamoja, vyote viwili hupotea. Neva inayopita nyuma ya kiwiko, ile ambayo ukiigonga unasikia msisimko hadi kidole cha mwisho, ikiharibika, kidole cha mwisho na cha pete hukunjika. Ya kando ya goti ikiharibika, wayo huning'inia na kuburuzwa. Ya usoni ikiharibika, jicho halifungiki.

Lakini haya huja mwishoni. Mwanzo ni baka tu la ngozi, jeupe kidogo au jekundu, lisilowasha. Funga macho, mwambie mwenzako aliguse baka hilo kwa pamba. Usiposikia, nenda kliniki. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa za mseto, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure. Tiba ni ya miezi 6 au 12, na baada ya kuanza dawa mgonjwa huacha kuambukiza upesi. Watu wengi wana kinga ya asili. Daktari Wanda Błeńska kutoka Poland, aliyefika Buluba mwaka 1951 na kukaa Uganda zaidi ya miaka 40, aliwagusa wagonjwa wake bila hofu, na alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 103.

Mwaka 1989 Kenya ilifikia kiwango cha wagonjwa wasiozidi mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya wameendelea kupatikana, wakiwemo wa Kwale na Kilifi, na wengine huja vidole vikiwa vimekwisha kukunjika. Walificha baka kwa kuogopa jina. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakufa, lakini ameumbuliwa na mkono wake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kupotea: hospitali mara moja. Angalia saa.

2. Mtoto aliyelegea ghafla mkono au mguu: toa habari siku hiyohiyo.

3. Miguu yote miwili kukakamaa ghafla katika msimu wa njaa: peleka mgonjwa hospitali, na uangalie unga unaoliwa nyumbani.

4. Ganzi inayopanda kutoka miguuni, au mtu kushindwa kuzuia mkojo ghafla: usilale nalo.

5. Baka lisilo na hisia, au kidole kinachoanza kukunjika chenyewe: nenda kliniki, dawa ni bure.

6. Aliyeanguka kutoka juu: mnyooshe, usimkunje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, katika mtaa wetu kuna mtu aliyefichwa ndani kwa sababu amepooza? Nani atakwenda kumtembelea? Je, usiku wa manane, gari la kumpeleka mgonjwa Msambweni tutalipata kwa nani, na nauli tutaichanga vipi?

Mpenzi msomaji, dua haikatazwi na mtu yeyote. Mwombee mgonjwa wako, lakini umwombee mkiwa tayari njiani. Hadi mazungumzo yajayo, nakutakia afya njema.